Bunduki Iliyojulikana kwa Sauti

Bunduki ikiuzwa kwa bei ya mbuzi, mtu mwenye akili huuliza kwanza ina ugonjwa gani. Hyacinthe aliuliza. Alikuwa mkulima, hajapata kununua hata kuku bila kumfunua mabawa, na bunduki si kuku. Merdi, kijana wa pikipiki aliyeileta kutoka Uvira ndani ya gunia la makaa, alimjibu bila kupepesa macho.

"Haina ugonjwa, Papa Hyacinthe. Inakula masasi ya pistole tu. Bantu banataka kalash, juu masasi yake iko kila fasi. Hii hakuna mwenye anaitaka. Njo maana iko bei chini."

Na kweli. Ulikuwa mwaka ule askari walipopita bonde la Ruzizi wakikimbia vita, wakimwachia silaha yeyote aliyewapa suruali ya kiraia au nauli ya mashua ya kuvuka ziwa. Kalashnikov zilipata wenyewe barabarani, mchana kweupe. Hii fupi, nyeusi, yenye bomba jembamba na kitako cha chuma cha kukunjwa, ilikosa mchumba. Haikupiga mbali. Risasi zake ni zile fupi nene ambazo polisi hutembea nazo kiunoni. Lakini kwa mtu ambaye adui yake huja mpaka mlangoni pa zizi, umbali ni wa nini?

"Ziko mbili," Merdi akaongeza akiwasha pikipiki. "Mapasa. Ile ingine nitaitafutia muntu wake."

Hyacinthe hakuuliza muntu gani. Macho yake yalikuwa kwenye bunduki, na ukweli usemwe, alikuwa amekwisha kuipenda.

Sababu alikuwa nayo. Shamba lake lilikuwa katika kitongoji kilicho mbele kidogo ya Katogota, upande wa chini, kati ya mfereji wa kumwagilia mpunga na mto wenyewe. Ng'ombe wa huko walikuwa wakiondoka mmoja mmoja kama watu wanaotoka kanisani mahubiri yakirefuka. Fahali wake aliondoka hivyo. Hyacinthe alifuata nyayo mpaka majini, akakaa kwenye matete akalia kama mtoto, na mkewe Victoire akamkuta pale. Kilichomuuma zaidi hakikuwa fahali. Kilikuwa kuonekana. Ng'ombe waliobaki ndio waliomsomesha binti yao Noella, aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake mtaa wa Kasenga, Uvira, na tangu siku ile baba mtu alilala sikio moja likiwa nje.

Sasa, kitongojini kwao kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Bunduki iliyofichwa ni ya mwizi. Bunduki ya mtu mwema husikika. Aliyeipata, kwa njia yoyote ile, huwaambia majirani, huchagua siku, huipiga mara moja kando ya mfereji na watu wamesimama wanasikiliza. Basi. Kuanzia hapo sauti ile ina jina lake. Watu wa bonde wana masikio, vita vimewasomesha bila karo. Mtoto asiyejua bado kufunga kamba za viatu atakuambia hii ni kalash, ile ni ya mkanda, na hiyo ya sasa ni ya mlinzi wa fulani, endelea kula. Serikali ingesema nini juu ya desturi hiyo? Serikali wakati huo ilikuwa ikitafuta pa kupita yenyewe.

Hyacinthe alichagua Jumapili baada ya misa. Watu walikuja na nguo zao za kanisani. Sévère naye alikuja, jirani yake wa ng'ambo ya mfereji. Hyacinthe alikuwa Mfuliiru na Sévère Mrundi, na wapo waliopenda kuwakumbusha hivyo kila mvua zilipochelewa, lakini baba yake Sévère alikuwa amempa baba yake Hyacinthe mtamba, mwaka wa njaa, na anayejua mambo ya ng'ombe anajua kwamba hapo undugu umefungwa. Wa nyumba hii akilia, wa nyumba ile anakimbia. Wa nyumba hii akifa, wa nyumba ile anashika jembe na kuchimba kaburi.

Hyacinthe aliweka bidoni, dumu la njano la maji, juu ya kichuguu, akakunjua kitako, akakibana begani kama alivyofundishwa ujanani na vijana waliolinda kijiji. Akavuta pumzi, akaizuia. Pa. Sauti kavu, fupi, kama ubao ulioangushwa juu ya sakafu ya saruji. Haikuzunguka milimani na kurudi kama ya kalash, ilifia palepale. Bidoni liliruka. Bega halikuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililomfurahisha kupita yote. Ilikuwa laini, ilitii, ilikaa mkononi utadhani ilimngoja yeye miaka yote. Alitamani kupiga tena. Alionea aibu tamaa hiyo, akaishusha.

"Iko nakohoa," mmoja wa vijana akasema. "Ni bunduki ama ni muzee wa kifua?"

Watu wakacheka. Sévère hakucheka. Alimsogelea Hyacinthe akasema polepole, kama mtu anayeweka ahadi kanisani, "Sauti yake nimeishika. Siku nitaisikia, nitajua ni weye uko mu matata. Nitakuya."

Hyacinthe alimshukuru, na aliona moyo wake umejaa. Hakuna siku aliyowahi kuwa mtu mzito namna ile.

Bila shaka wezi nao walisikia. Miezi ilipita na zizi lake halikuguswa. Ng'ombe wa wengine waliendelea kuondoka. Wa kwake walitafuna majani wakanenepa. Mwanzoni watu walimpongeza. Baadaye wakawa wanaulizana visimani kwa nini mwizi anaruka nyumba moja tu. Penye wengi pana mengi, na Hyacinthe hakusikia, kwa sababu mwenye kusemwa ndiye wa mwisho kusikia. Jioni alikaa mlangoni akiifuta bunduki kwa kitambaa na mafuta ya cherehani. Aliifungua, akaifunga, akaisikiliza ikiitikia.

"Baba Noella," Victoire alimwambia siku moja, "unaipangusa kuliko viatu vya kanisa. Ile kitu itafikia kulala katikati yetu."

"Njo inatulinda."

"Inatulinda, ama inakuchunga weye?"

Aliendelea kuipangusa. Alijua mkewe anasema kweli, na jambo hilo lilimkasirisha.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri ya kiangazi, jua likiwa bado kali. Hyacinthe alikuwa zizini akisuka kamba. Upepo ulikuwa umekufa. Ndipo aliposikia, kutoka upande wa mto, bunduki yake mwenyewe.

Pa. Kavu, fupi, ikafia palepale.

Kamba ilimponyoka. Kwa muda alisimama akitazama mikono yake, kana kwamba mikono ndiyo iliyokuwa na maelezo. Kisha akaingia ndani mbio. Bunduki ilikuwa imening'inia kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Akaigusa. Ilikuwa ipo, imetulia, baridi. Na huku akiwa ameishika hivyo, ikalia tena mtoni. Hakuwa mtu wa kuogopa majini wala wafu, lakini wakati ule, ndani ya nyumba yake, aliogopa chuma kilichokuwa mkononi mwake kama mtu aliyeamka akakuta mgeni kitandani. Kisha akakumbuka neno la Merdi: mapasa. Bunduki yake ilikuwa na pacha.

Angeiacha pale msumarini, hadithi hii ingekuwa nyingine. Lakini mwenye bunduki akisikia bunduki hatoki mikono mitupu. Alitoka nayo. Alipofika kwenye gogo la kuvukia mfereji, akienda kumwita Sévère, alikutana naye anakuja mbio, panga mkononi, jasho likimtiririka, ametimiza ahadi yake.

"Umepiga nini?"

"Si minye. Minye pia nimesikia tu."

Sévère alimtazama, akaitazama bunduki, akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayedhani anataniwa. "Sasa ni nani? Si iko mu mukono yako?"

Laiti Sévère angenyoosha mkono akashika bomba lile! Angelikuta baridi kama kisu cha jikoni, na mambo yangeishia hapo. Hakulishika. Hapakuwa na maiti bado, na mtu hagusi bunduki ya mwenzake bila sababu. Wakasimama hivyo mpaka kilio cha mtoto kilipotoka mtoni, kisha cha mwanamke, kisha cha wengi.

Aliyepigwa alikuwa Frédéric, mdogo wake Sévère, palepale anaponyweshea ng'ombe wake. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kuswagwa kupitia matete. Hyacinthe alimwinua kwa mabega, Sévère akashika miguu, wakambeba kupanda njia, na Frédéric akafa kabla hawajafika kwenye mfereji. Kwa hiyo kitongoji kizima kilipokuja mbio, hiki ndicho kilichoonekana: Hyacinthe, damu shati zima, bunduki mgongoni, na kila mtu sauti yake ingali sikioni. Mwenye macho haambiwi tazama. Walitazama, na wakaona kitu ambacho hakikuwepo.

Kesho yake asubuhi alichukua jembe lake kwenda kuchimba kaburi, kama ilivyompasa. Vijana wawili walimpokea mbele ya ua wa Sévère. Hawakumtukana. Mmoja alilitoa jembe mkononi mwake, taratibu, kwa adabu kama anayempokea mzee mzigo, akaliegemeza nje ya ua na kumwonyesha njia aliyokuja nayo. Hyacinthe alimtafuta Sévère kwa macho. Sévère alikuwa amekaa chini akitazama udongo.

Alirudi nyumbani bila jembe. Angependelea wangempiga.

Siku za kilio zikaenda. Wanawake walimpa Victoire mgongo kisimani. Vijana wa upande wa marehemu walikutana nyuma ya shule. Vijana wa upande wa Hyacinthe, ambao hakuwaita, walikutana nyuma ya kanisa na kusema muntu wao akiguswa wataona. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Alijua bonde lile na alijua moto wake huwashwa na njiti moja. Wangeanza na nyumba yake, halafu ya Sévère, halafu hakuna ambaye angekumbuka walianzia wapi.

Shefu wa kitongoji, mtu mpole mwenye koti la zamani asilolivua hata kwenye joto, alipita kwake kimyakimya.

"Papa Hyacinthe, siku ya kutawanya kilio utakuya?"

"Watanipokea?"

"Sijui. Lakini mwenye hakuye amejihukumu. Ile siku kama haukuye, minye sitaweza kuzuia hawa batoto tena."

Victoire alitaka waitupe bunduki mtoni. Hyacinthe alikuwa amekwisha kulifikiria. "Tukiitupa, na siku ingine ile mapasa yake ilie, nani ataamini tuliitupa? Lazima Merdi akuye aseme mbele ya bantu ziko mbili."

"Merdi?" Victoire akasema. "Muntu mwenye anauzisha bunduki mu gunia ya makala, njo atakuya kusema kweli ku kilio?"

Lakini mtu anayezama hushika hata jani. Hyacinthe alipanda pikipiki hadi Uvira. Alimpata Merdi mtaa wa Rugenge, kando ya kijito, suruali imekunjwa magotini, anaosha pikipiki yake. Alimsimulia yote. Merdi aliendelea kusugua gurudumu.

"Minye sijui mapasa yoyote," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wengine. Kisha akashusha sauti. "Papa, unataka nikufe? Nikisema niliuzisha mbili, batauliza ile ya pili iko kwa nani. Mwenye nayo hacheki na bantu."

"Ni nani?"

"Usiulize ile."

Hyacinthe alimwomba. Alikuwa na umri wa kumzaa kijana yule, na alimwomba kama anavyoombwa padri. Merdi alitikisa kichwa, kwa huruma kabisa. Basi Hyacinthe, kwa uchungu na kwa kiburi kidogo, akafungua mdomo na kusema jambo ambalo hadi hapo alikuwa amemwambia mkewe peke yake.

"Haizuru. Nitaenda peke yangu. Bunduki nitaiweka chini mbele ya bantu bote. Shefu ataichukua. Muntu mwenye ameua hawezi kutoa bunduki yake namna ile."

Merdi aliacha kusugua.

"Siku gani?"

"Kesho kutwa. Siku ya kutawanya kilio."

"Asubui?"

"Muchana, bantu bakienda kula."

"Na hautarudi nayo ku nyumba? Utaiacha kabisa?"

"Kabisa."

Merdi alimwaga maji ya ndoo taratibu juu ya tangi, akayatazama yakishuka. "Ni akili ya muzuri, Papa," akasema. "Fanya vile." Kisha akajifuta mikono, akasisitiza kumrudisha mwenyewe mpaka Katogota bila nauli, na njiani akasimama kumnunulia mikate ya kumpelekea Mama Noella. Hyacinthe alikaribia kutokwa na machozi. Katika siku zile zote hakuna mtu aliyemfanyia wema. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema jinsi nguo inavyoweza kuwa na joto zuri.

Siku ya kutawanya kilio ng'ombe mmoja alizaa alfajiri. Ndama alikuwa dhaifu, hasimami vizuri, na mama yake hakutaka kumnyonyesha. Kwa hiyo Victoire alisema atabaki.

"Na kule kisimani banatunyima salamu," akaongeza. "Minye niende kulia na bantu benye habanitazame? Nenda weye. Niko na huyu."

Alikuwa amepiga magoti kwenye majani, mikono yake ina ute wa uzazi mpaka kwenye viwiko, anamsugua ndama kwa kitambaa. Hyacinthe alisimama na bunduki begani, akawa hajui la kusema.

"Nikirudi, haitakuwa tena," akamwambia.

"Basi rudi mbio." Hakuinua kichwa, lakini alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu bunduki ile iingie nyumbani mwao.

Alipita njia kuu, makusudi, bunduki ikionekana. Alitaka waone. Na waliona: waliokaa mbele ya maduka, waliokuwa wakianika muhogo, waendesha pikipiki waliosimama kivulini bila abiria. Wengine aliwajua, wengine hakuwajua. Mmoja wa wale asiowajua aliongea kwenye simu alipompita. Hyacinthe aliona, na alidhani anasemwa tu, kama ilivyokuwa kawaida siku zile.

Ua wa Sévère ulikuwa umejaa watu mpaka kwenye barabara, turubai limefungwa juu, masufuria ya maharagwe yanatoa mvuke. Vijana walisimama alipoingia. Alitembea katikati yao akisikia pumzi zao, mpaka kwenye mkeka ambapo Sévère alikaa na Gloriose, mjane wa Frédéric. Akatoa kasha la risasi kwenye bunduki, akampa shefu, shefu akalitia mfukoni mwa koti lake. Kisha akapiga magoti, akailaza bunduki juu ya mkeka, mdomo wake ukimwelekea yeye mwenyewe.

"Sévère, ndugu yangu," akasema. "Baba yako alipatia baba yangu ng'ombe. Sikumuua Frédéric. Bunduki njo hii. Mbele ya bote naiacha. Siitaki tena mu nyumba yangu. Ile yenye mulisikia ni ingine, ni mapasa yake. Sina muntu wa kunishuhudia."

Inzi walikuwa wakitembea juu ya bomba.

Sévère alikuwa amekonda. Aliongea bila hasira, na ndiyo maana iliuma. "Weye ulipiga, tukasikia. Nikaambia roho yangu, hii sauti nitaijua mupaka nikufe. Ile siku nimeisikia. Nimekimbia kwako, nikidhani ni weye wanaua. Nimekukuta nayo mu mukono. Sasa unataka nikatae masikio yangu?"

"Bunduki yenye imelala inaonyesha nini?" kijana mmoja akasema kwa nyuma. "Sisi pia tunaweza kulaza bunduki."

Wakaanza kunung'unika. Duara lilikaza. Gloriose alisimama. Alikwenda kwenye masufuria, akapakua sahani ya ugali na maharagwe, akarudi nayo mpaka mbele ya Hyacinthe. Kila mtu alijua maana yake. Mfiwa akikupa chakula kwa mkono wake na ukala, kesi imekufa. Akikipeleka kwa mwingine, umehukumiwa. Alisimama na sahani kifuani akimtazama Hyacinthe usoni, kwa muda mrefu, na mtu hangeweza kujua ataelekea wapi. Hyacinthe alikuwa anaogopa kufa, na aliona haya kuogopa.

Pa.

Kavu, fupi. Ikafia palepale.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Macho ya ua mzima yaliteremka kwenye mkeka kwa pamoja, na bunduki ilikuwa pale, imelala, mdomo wazi, kasha lake mfukoni mwa shefu. Kijana aliyesema kwa nyuma alishika kichwa chake.

"Hyacinthe," Sévère akasema. Tangu siku ya mauti hakuwa amelitamka jina hilo. Uso wake ulivunjika. "Hyacinthe, ndugu yangu, unisamehe."

Furaha ilimpanda Hyacinthe kutoka tumboni, ya moto, haina aibu. Alisimama. Alicheka, ndiyo, alicheka kwenye kilio cha mtu. "Mumesikia?" akawaambia vijana, akiwageukia mmoja mmoja. "Bote mumesikia? Iko hapa. Imelala hapa. Nilisema nini minye?" Na watu wakaitikia, si yeye, si yeye, wanawake wakaanza kulia upya. Vijana waliompokonya jembe waliinamisha vichwa. Sévère alimkumbatia kwa nguvu, akilia shingoni mwake. Shefu aliketi chini kama mtu aliyetuliwa gunia. Kitongoji kilikuwa kimepona.

Ikalia tena. Halafu mara nyingine, bila haraka, kama kazi ya mtu anayejua kwamba hakuna atakayekuja.

Juu ya bega la Sévère, Hyacinthe alimwona Gloriose. Yeye peke yake hakuwa akitazama mkeka. Alikuwa ameshika sahani ileile, uso umegeukia mfereji, anasikiliza kama anavyosikiliza mtu ambaye ameshasikia sauti hiyo ikimchukulia mume wake.

"Iko inatoka ku kwako," akasema. "Ku nyumba umeacha nani?"

Hyacinthe alimwona tena akilini mwake Merdi kando ya kijito, ndoo mkononi, akiuliza siku, akiuliza kama ni asubuhi, akiuliza kama ataiacha kabisa.

"Victoire," akajibu, na mdomo wake ulikuwa bado unacheka.